Gari Lililomeza Mate Kitonga

Kadi ya gari ina jina la mke wangu. Mimi ni dereva wake wa Jumamosi tu. Siku tano za wiki nafundisha hesabu sekondari hapa Iringa, na ya sita nageuka dereva na utingo kwa pamoja: tunashuka Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu, tunapanda navyo mjini. Gari lenyewe ni Hilux ya mwaka 1999, injini ya 5L, dizeli, cc 2,986, haina turbo, haina kompyuta. Ukimwita kijana mwenye mashine ya kupimia magari atazunguka chini ya dashibodi akitafuta pa kuchomeka waya, kisha atakuangalia kwa huruma.

Mwaka jana, kuanzia mwezi wa sita, gari hili lilianza kumeza mate.

Sina neno zuri kuliko hilo. Uko kwenye mlima wa Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Iringa, gia ya pili, mguu umetulia kwenye mafuta, mbele yako semitrela la Tunduma linajikokota, injini inavuma vizuri tu. Ghafla sauti inakatika, kwa muda wa mtu kusema "eh". Vichwa vyenu wawili vinakwenda mbele. Halafu injini inarudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Unapumua. Kona inayofuata, tena. Ukiwa na magunia kumi na nane nyuma na korongo pembeni, hiyo "eh" ni ndefu sana.

Naandika haya kwa sababu nilitumia miezi minne na fedha ambayo sipendi kuitaja, wakati jibu lilikuwa limeandikwa, kwa kalamu ya bluu, kwenye kaunta buku lililokuwa likisafiri na sisi ndani ya gari hilohilo.

Kwanza nieleze tulichokuwa tunakiona, maana hapo ndipo nilipoanza kukosea. Kila niliyemweleza alisema "gari linamisi". Nikalikubali neno hilo bila kulichunguza. Kumisi ni silinda moja kukataa kazi: tatu zinasukuma, moja inabebwa, na gari linatetemeka kwa mpigo unaoweza kuuhesabu, hata likiwa limesimama kwenye sailensi, yaani injini inavuma tu bila kukanyagwa mafuta. Letu kwenye sailensi lilikuwa limetulia kama maji mtungini. Lilikuwa linasita lote, silinda zote nne kwa mara moja, na kwenye kazi nzito tu. Silinda nne haziwezi kupanga kuugua siku moja saa moja. Kinachozigusa zote kwa pamoja ni kile kinachozilisha zote: mafuta au hewa.

Na kati ya hivyo viwili, moshi ulikuwa umeshachagua. Dizeli inayonyimwa hewa, tuseme filta ya hewa imejaa vumbi, inatoa moshi mweusi mzito, kwa kuwa mafuta yanaingia mengi kuliko yanavyoweza kuungua. Sisi tuliposita, mke wangu aliyekuwa akiangalia kwenye kioo cha pembeni hakuona weusi wowote. Mara moja moja aliona kipande cha moshi mweupe, kimetoka na kupotea. Injini haikuwa inakosa hewa. Ilikuwa na njaa ya mafuta.

Haya yote nayasema leo kwa ujasiri. Wakati ule nilisema tu, "Fundi, linamisi."

Fundi wa kwanza alibadilisha filta ya dizeli na filta ya hewa. Hakukosea. Kwa gari la umri huu hapo ndipo pa kuanzia, ni rahisi, na ile filta ya zamani ilipokatwa ilikuwa na tope ndani. Jumamosi iliyofuata tulipanda Kitonga kama tumepewa gari jipya. Wiki mbili baadaye likarudia.

Hapo kila mtu akasema mafuta yamechakachuliwa. Hilo ni jibu la kwanza la Mtanzania yeyote mwenye gari, na lina historia yake: kulikuwa na miaka ambayo dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa ilikuwa biashara kamili, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali za kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo usilipe. Tukahama kituo. Tukahama tena. Hakuna kilichobadilika.

Fundi wa pili alitoa nozeli zote nne, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, akasema mbili zinakojoa badala ya kupuliza ukungu, akaweka mpya. Shilingi 55,000 moja, zidisha mara nne. Gari likapona. Nilimsifia kwa watu. Nilimpelekea mteja, mwalimu mwenzangu mwenye Hiace. Wiki tatu, tukakwama juu kidogo ya kona mbaya kuliko zote, mke wangu akashuka na jiwe la kuzuia tairi, hakusema neno, na wanaume waliooa wanajua kwamba hilo ni baya kuliko kusema.

Wa tatu alikuwa fundi pampu hasa, kijana msafi, gereji imesakafiwa, amevaa glavu. Yeye ndiye aliyefanya kipimo cha kwanza cha kweli. Alikata mpira unaotoka filta kwenda pampu akaunganisha katikati kipande cha mpira unaoonyesha ndani, akawasha, akakanyaga mafuta, tukainama wote kuangalia. Dizeli ilipita safi, rangi ya chai ya rangi iliyopoa, hakuna pumzi hata moja. Akasimama, akavua glavu. "Mwalimu, upande wa kuleta mafuta hauna tatizo. Hii ni pampu." Kuifungua na kuitengeneza: 1,150,000.

Nataka kuwa mkweli kwa huyu kijana. Hakuwa mwizi. Alipima, na kipimo chake kilisema alichosema. Tatizo lilikuwa kwamba asubuhi ile, kabla ya kwenda kwake, nilikuwa nimejaza tenki.

Mke wangu alikataa kutoa fedha ya pampu kabla ya kupata mtu wa pili. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Ipogolo, chini kule karibu na mto, ana mti, benchi, na kreti la spana. Nilimpa shikamoo, nikamweleza historia yote, filta, nozeli, pampu. Akasikiliza huku akifuta mikono kwa mabaki ya fulana.

"Linasumbua lini?"

"Kwenye mlima, mzee. Likiwa na mzigo."

"Mlima upo kila siku. Nauliza lini."

Sikuwa na jibu. Mke wangu ndiye aliyefungua mlango wa gari, akatoa kaunta buku la vitunguu chini ya kiti, na kulifungua juu ya boneti.

Yeye anaandika kila safari: tarehe, magunia, bei ya shambani, ushuru, mafuta, na safu ya mwisho aliyoiita "mengineyo", ambamo huweka soda, faini, na kubadilisha tairi. Kwenye safu hiyo kulikuwa na safari tano zilizoandikwa "gari limesumbua". Tangu mwezi wa sita tulikuwa tumekwenda safari kumi na moja. Mzee hakusoma mengineyo. Aliweka kidole chenye grisi kwenye safu ya mafuta na kukishusha taratibu. Safari zilizosumbua: elfu thelathini, elfu arobaini, elfu thelathini, elfu thelathini, elfu arobaini. Safari sita zilizobaki: "full", "full", "full", mpaka mwisho.

Nilijisikia joto masikioni. Mimi nafundisha takwimu kidato cha tatu.

Na kulikuwa na la ziada, ambalo mke wangu aliliona kabla yetu. Kati ya zile "full" sita, tatu zilikuwa safari za mara tu baada ya gereji. Kwa sababu gari likitoka kwa fundi unalijaza, unasema leo lisituangushe. Kwa hiyo kila fundi alipotengeneza, tulijaza tenki, gari likapona, na fundi akapata sifa. Kisha fedha ikabana, tukaweka elfu thelathini, ugonjwa ukarudi. Filta haikuwa imeponya kitu. Nozeli hazikuwa zimeponya kitu. Tuliyemsifia angepaswa kuwa yule binti wa kituo cha mafuta.

Mzee alifunga kaunta buku, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. "Tenki likishuka nusu, linavuta upepo. Tutafute wapi."

Hapa inabidi nieleze jinsi mafuta yanavyosafiri kwenye injini hizi, maana bila hilo kinachofuata kitaonekana ramli. Kwenye Hilux kama hii hakuna pampu ndani ya tenki inayosukuma mafuta kuja mbele. Pampu ya injini yenyewe ndiyo inayonyonya, kutoka tenki, kupitia bomba refu la kwenye chesi, kupitia filta, mpaka ndani yake. Kile kitufe cha mpira unachokibonyeza kwa kiganja juu ya filta ni cha kutolea upepo baada ya kubadilisha filta tu. Gari likitembea hakifanyi kazi. Maana yake njia yote ile, mita kadhaa, iko kwenye hali ya kunyonywa, kama mrija kwenye chupa ya soda. Mrija ukitoboka juu ya soda, soda haimwagiki. Unavuta hewa. Ndiyo maana nilikuwa nikilala chini ya gari na tochi kutafuta panapovuja, nikakuta pakavu, nikatoka nimeridhika. Upande wa kunyonya hauvuji nje.

Na upepo ukiingia kidogo, injini haizimi. Pampu hizi za mzunguko zina njia ya kurudisha mafuta ya ziada kwenye tenki, na vipovu vidogo vinaondokea huko. Kwenye sailensi hutajua kitu. Ukidai nguvu, mnyonyo unaongezeka, vipovu vinakuwa vingi, na presha ndani ya pampu inaanguka. Presha hiyohiyo ndiyo inayosogeza taimingi ya kupuliza mafuta mbele kadiri injini inavyokimbia. Ikianguka, mafuta yanakuwa machache na yanachelewa kufika. Injini inasita, na kale kamoshi keupe ni dizeli iliyochelewa kuungua.

Mzee alimtuma mjukuu wake dukani kununua mita mbili za mpira wa levo, ule wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa wa ukuta kwa maji. Wakati tunasubiri alifungua mfuniko wa tenki, akatega sikio. Mfuniko ulioziba tundu lake la kupumulia unalia "psss" ukiufungua, kwa kuwa tenki limenyonywa likakosa hewa ya kujaza nafasi, na dalili zake ni kusita hukuhuku. Wetu haukulia. Akaendelea.

Kisha tukapunguza mafuta kwenye madumu mpaka mshale ukashuka chini ya nusu. Akaweka mpira palepale fundi pampu alipouweka, kati ya filta na pampu. Kwenye sailensi, safi. Akamwambia mjukuu akanyage, taratibu, ashikilie. Tulihesabu labda kumi. Kikaja kipovu kimoja, kidogo kama punje ya mtama, kikapita. Kikaja kingine. Halafu vikaja vingi vimeshikana, mfululizo, kama mtu amefungua soda, na injini ikameza mate pale pale Ipogolo, gari limesimama, bila mlima, bila gunia.

Sikuwahi kufurahi hivyo kuliona gari langu likiharibika. Gari la mke wangu.

Mtu mwingine angesimama hapo na kubadilisha mipira yote. Mzee alitaka kuigawa njia. Alichukua dumu la lita tano lenye dizeli safi, akaingiza mpira mmoja wa kwenda kwenye filta na mwingine wa kurudisha mafuta kutoka kwenye injini. Huo wa kurudisha ndio watu wanausahau. Pampu inarudisha mafuta mengi, usipourudisha kwenye dumu, dumu litaisha kabla hujafika popote na utasema ugonjwa umerudi. Mipira ikapitishwa dirishani, boneti ikafungwa kwa kamba isishuke sana, mjukuu akakaa na dumu katikati ya magoti, na tukapanda mlima wa kwenda mjini na kurudi mara mbili, mzee akiwa ameegemea mlango kama abiria wa kawaida. Halikusita. Kwa hiyo filta, pampu, nozeli, vyote vilivyokuwa mbele ya dumu vilikuwa vizima. Ile 1,150,000 ikabaki kuwa ya magunia.

(Jaribio hilo ni la dizeli. Mwenye pikapu ya petroli asithubutu kukaa na dumu la petroli ndani ya kabini karibu na injini ya moto. Na kwa kweli injini ya petroli ya zamani yenye kabureta, zile za Toyota 3Y, 4Y na 22R, ikisita pale tu unapogusa mafuta kisha ikashika, ugonjwa wake mara nyingi si huu. Zima injini, toa filta ya hewa, chungulia kwenye koo la kabureta huku unavuta waya wa mafuta kwa mkono. Lazima uone kijito cha petroli kinaruka mara moja. Kisiporuka, pampu ndogo ya ndani ya kabureta imechoka, au ngozi yake imekauka. Ni kazi ya nusu saa.)

Kilichobaki kilikuwa kati ya tenki na filta. Akahamishia mpira wa levo nyuma kabisa, pale bomba linapotoka kwenye tenki, kabla halijagusa chesi. Ukiona vipovu hapo, kosa liko nyuma yake. Usipoviona, liko mbele yake. Tulilala chini wote watatu, migongo kwenye gunia, mjukuu akakanyaga, na vipovu vikaja.

Kushusha tenki kulichukua mchana uliobaki. Boliti mbili zilikatika kwa kutu, na sina la kusimulia hapo zaidi ya matusi. Juu yake bomba la kunyonyea limeshikwa na kibati chenye skrubu. Lilitoka refu, limekolea rangi ya kahawia, na kwenye ncha yake kichujio cha waya. Nililigeuzageuza, sikuona kitu. Mzee akaziba ncha moja kwa kidole gumba, akaliweka kwenye beseni la maji, akapuliza ncha nyingine kwa mdomo, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Kidogo juu ya katikati, pembeni mwa baka la kutu, uzi mwembamba wa mapovu ukapanda.

Tundu lenyewe lisingepitisha sindano ya cherehani. Tenki likijaa, tundu liko ndani ya mafuta, linanyonya mafuta, hakuna hasara. Mafuta yakishuka chini yake, linabaki hewani. Kwa nini pale hasa? Mzee alisema ni kwa sababu tunaliacha gari na nusu tenki usiku kucha katika baridi ya Iringa ya mwezi wa sita na wa saba, hewa iliyomo tenkini inatoa umande, na chuma kinachokaa nusu ndani nusu nje ndicho kinacholiwa. Nilitazama zile "elfu thelathini" kichwani mwangu nikaona anasema kweli.

Alilichomelea kwa shaba, pembeni, mbali na tenki. Kuhusu tenki lenyewe alikuwa mkali: mtu akikuambia atachomelea tenki la mafuta huku unaliangalia, ondoka na funguo zako. Akalipima tena kwenye beseni. Akasafisha tope la chini ya tenki, kama kikombe kimoja, jeusi, lina maji chini yake. Akaweka mipira mipya miwili na klipu zake. Akadai elfu arobaini kwa kila kitu, pamoja na mpira wa levo. Mke wangu alimpa hamsini na debe la vitunguu, na akaandika vyote viwili.

Nikataka kujaza tenki tunaporudi. Alinitazama.

Jumamosi iliyofuata tulishuka Ruaha Mbuyuni na mafuta ya kubahatisha. Tulipakia kumi na nane, tukafunga turubai, tukala wali na samaki kwenye kibanda tunachokula siku zote. Tunaanza kupanda, mshale ulikuwa umegusa robo. Nilipunguza redio. Yeye alikuwa ameshika kaunta buku mapajani, limefunguliwa, kofia ya kalamu iko mdomoni. Gia ya pili. Semitrela mbele. Kona ya kwanza, ya pili, ile ya jiwe. Nilikuwa naishikilia pumzi kila pale ambapo lingesita, na kila mara injini ilipita pale ikivuma vilevile.

Tulipotokea juu, upepo wa baridi ukaanza kuingia dirishani. Akaegemeza kitabu kwenye dashibodi, akaandika. Niliposimama Ilula anunue nyanya, nilikichungulia. Safu ya mafuta: "robo". Safu ya mengineyo alikuwa ameweka soda mbili, 1,400.